Safari ya Milimani na Nyanya Asiyepanda Mlima

Kila likizo ya shule inapokaribia, nyumba nyingi za huku kwetu pwani huingia katika mjadala ule ule. Watoto wamechoka na joto, vijana wameona picha za milima na ukungu, baba ametenga fedha kidogo, na wote kwa kauli moja wanataka kwenda mahali ambapo mtu hulala amejifunika blanketi. Majina huanza kutajwa. Huyu ataka Kilimanjaro, yule ataka Mlima Kenya, mwingine amesikia habari za Kisii. Kisha mmoja wao hukumbuka na kugeuka upande wa pili wa baraza.

"Nyanya, twende nawe."

"Nendeni wajukuu zangu. Magoti yangu haya si ya milima. Mimi nitakaa, nitawaombea dua."

Basi shauri hukatwa papo hapo. Neno "nitakaa" huchukuliwa kuwa ni ridhaa, na aila hupanga safari yake bila ya kumtia nyanya katika hesabu. Lakini aliyelelewa na wazee wa pwani ajua kwamba mzee hatamki "nataka" mbele ya wajukuu. Hatamki "sitaki" pia. Nyanya amesema kwamba hana magoti ya milima. Hakuna aliyemuuliza kama ana macho ya kuitazama.

Ukurasa huu wa leo tumeutoa kwa swali hilo: aila itakapo kwenda mahali ambapo starehe yenyewe ni ya miguu na nguvu, na katika aila hiyo yumo mmoja asiyeiweza au asiyeitaka, mahali pachaguliwe vipi? Asiyepanda si lazima awe nyanya. Aweza kuwa mke mwenye mimba ya miezi saba, mjomba mwenye maradhi ya moyo, au kijana mzima wa afya ambaye hapendi tu kupanda vilima, na hiyo ni haki yake.

WENZETU WA NCHI ZA THELUJI

Swali hili limewasumbua watu wa nchi za baridi kabla yetu sisi. Huko Ulaya, majira ya theluji yakifika, aila hufunga safari kwenda milimani kuteleza juu ya theluji kwa zile mbao ndefu zifungwazo miguuni, mchezo uitwao skii. Baba na watoto hupanda juu asubuhi kwa viti vinavyoning'inia kwenye kamba za chuma, na hawarudi mpaka alasiri. Asiyejua mchezo huo hubaki chini hotelini, hutazama theluji dirishani, hunywa chai ya tatu, na hulinda makoti. Wenye busara miongoni mwao hawaanzi kwa kuuliza theluji ya wapi ni nzuri. Huuliza kwanza: yule asiyeteleza atafanya nini kutoka saa tatu asubuhi mpaka saa kumi?

Pasiwe na mtu wa kudhani kwamba mchezo huo ni wa Wazungu peke yao. Philip Boit, Mkenya aliyekuwa mkimbiaji wa meta 800, alipelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza, na mwaka 1998 alishindana katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, katika mbio za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, nambari 92. Lakini bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa akimngoja mwishoni mwa njia, akamkumbatia. Boit alirudi kwao na mwanawe akampa jina la Dæhlie. Alirudi tena Olimpiki mwaka 2002 na mwaka 2006. Mimi katika kisa hiki humwangalia zaidi yule aliyengoja. Alikwisha shinda, baridi ilikuwa kali, na bado alisimama mpaka wa mwisho akafika.

Wenye jamaa Ghuba wanaijua Ski Dubai, ile nyumba kubwa ya theluji iliyofunguliwa mwaka 2005 ndani ya jengo la maduka la Mall of the Emirates. Nje joto lakaribia kuchemsha maji, na ndani baridi iko chini ya sifuri. Mteremko wake mrefu kuliko yote ni wa meta 400. Watu wengi hucheka wakisikia theluji ya jangwani, lakini kwa swali letu pale pamefikiriwa: upande mmoja ni vioo vitupu, na asiyeteleza hukaa kwenye mkahawa na koti lake begani, akawaona wajukuu wakianguka na kuinuka. Hakutengwa nao. Akichoka, maduka yako hatua chache.

Mfano ulio bora kuliko huo ni Uludağ, mlima wa meta 2,543 juu ya mji wa Bursa nchini Uturuki. Juu ni theluji na skii, na chini ni mji uliokuwa makao makuu ya Waothmani wa mwanzo. Kati ya mlima na mji yako magari ya kamba ya kupanda na kushuka. Vijana wakiisha kwenda juu, mzee hubaki Bursa na ana siku nzima ya kujaza: msikiti mkuu wa Ulu Cami wenye makuba 20, uliojengwa na Sultani Bayezid wa Kwanza mwishoni mwa karne ya 14, makaburi ya Osman na mwanawe Orhan, soko la hariri, na maji ya moto ya chemchemi ambayo watu wameyaoga kwa karne nyingi kutafuta nafuu ya maumivu ya viungo. Hapo, kwa kweli, ni vigumu kusema ni nani aliyepata safari bora, aliyepanda au aliyebaki.

KARIBU NA NYUMBANI

Lakini wengi wetu hatuna nauli ya Uturuki, na theluji yetu ya Afrika Mashariki iko mbali juu ya vilele. Tuitazame milima yetu kwa kipimo kile kile.

Kilimanjaro, wenye meta 5,895, ni mlima wa kujivunia, na kijana mwenye nguvu asizuiwe. Lakini njia ya Marangu humchukua mpandaji siku tano au sita. Siku zote hizo waliobaki chini hawamwoni wala hawashiriki naye chochote isipokuwa wasiwasi. Marangu kwenyewe ni pazuri, pana kahawa, migomba na maporomoko ya maji, na Moshi ni mji wenye misikiti na watu wakarimu. Hata hivyo, ni safari mbili zilizofungwa kwa kamba moja. Mlima Kenya nao, wenye meta 5,199, ni vivyo hivyo. Ikiwa shabaha ni aila kukaa pamoja, milima hii mirefu huigawa.

Wenye siku chache waende Taita. Kutoka Mombasa ni mwendo wa asubuhi moja: Voi, Mwatate, kisha gari huanza kuzunguka vilima mpaka Wundanyi, na nyanya huvaa sweta kabla ya adhuhuri. Kilima cha Vuria chafikia meta 2,208. Na jirani zetu wa Tanga wana Lushoto, ambako gari hufika karibu sana na jabali la Irente, na mtu mzima mwenye bakora aweza kusimama akaiona nyika yote chini yake. Nasema wazi kwamba kwa nyanya mgonjwa hasa, asiyestahimili safari ndefu, Taita ndiyo ya kuchagua, na mengine yote nitakayoyasema hapa chini ayasome tu kwa kujifurahisha.

MASIMBA

Aliye na nafasi ya juma zima, na nyanya mwenye magoti mabovu lakini moyo mzima, namshauri asafiri mbali zaidi, mpaka Masimba.

Masimba ni kata ya jimbo la Nyaribari Masaba, katika kaunti ya Kisii, upande wa Keroka, mji ule ulio mpakani hasa mwa Kisii na Nyamira. Zamani pande zote mbili zilikuwa wilaya moja. Nyamira ilikatwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Wenyeji ni Wagusii, ambao sisi tumezoea kuwaita Wakisii. Jina la Masimba lisiwatishe watoto, kwani huko hakuna simba. Hakuna hata pori la kumficha. Nchi ya Kisii ni miongoni mwa nchi za mashamba zenye watu wengi mno katika Kenya, na kila kipande cha ardhi kimelimwa: majani chai, migomba, mahindi, wimbi, na nyasi za ng'ombe wa maziwa.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa na milima tuliyoitaja. Kilimanjaro hakikaliwi na mtu kileleni. Vilima vya Gusii vimekaliwa mpaka juu. Nchi yenyewe huinuka kutoka kiasi cha meta 1,500 na kupita 2,000, na barabara hupanda pamoja na watu wake, kwa hiyo nyanya hufika juu akiwa ameketi kwenye gari. Akishuka, hashuki kwenye hoteli ya upweke mlangoni mwa msitu. Hushuka kwenye uhai wa watu: akina mama wanarudi na vikapu vya majani chai, watoto wanatoka shule, mtu anakamua ng'ombe. Vijana wakitaka kupanda, vilima viko kila upande, na watarudi kabla ya chakula cha mchana. Wakitaka kilima cha sifa, waende ukingo wa Manga, upande wa Nyamira, ambao umesimama kama ukuta na kuutazama mji wa Kisii chini. Gari huweza kumsogeza asiyepanda karibu na hapo pia, naye akaiona nchi ilivyotandikwa kijani.

Theluji Masimba hakuna, na anayewaahidi watoto theluji anawadanganya. Iliyopo ni mvua ya mawe. Nyanda hizi za juu za magharibi, Kericho na jirani zake, zimo miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi sana. Mtoto wa Mombasa aliyeona barafu kwenye jokofu tu huokota punje za barafu uani na kudhani ameona muujiza, ilhali mkulima wa chai anahesabu hasara, kwa sababu mawe hayo huchana majani machanga. Wasomaji watakumbuka kisa cha Septemba 2008 huko Busara, karibu na Nyahururu, ambapo mlima uligeuka mweupe na watu wakatoka mbio kuitazama "theluji". Ilikuwa mvua ya mawe, imejikusanya na kushikamana.

Basi nyanya atafanya nini Masimba? Mimi nadhani ana kazi nyingi kuliko vijana.

Kwanza liko jani la chai lenyewe. Chai tunayoinywa pwani na mahamri tumeijua ikiwa imekauka ndani ya pakiti. Huku ataiona hai: vichaka vilivyokatwa usawa wa kiuno kama meza, na mchumaji akichagua majani mawili na kichipukizi, akiyatupa nyuma kikapuni bila ya kutazama. Majani hupelekwa kwenye kituo cha kupimia siku ile ile, kwani yakilala huharibika, kisha lori huyachukua mpaka kiwandani, kama kile cha Kiamokama ambacho kimo katika jimbo hili hili. Mzee aweza kuketi kwenye benchi la kituoni na akaifuata biashara yote ilivyo, na mizani, na daftari, na mabishano juu ya uzito. Mwenye kujua soko la samaki la kwetu hatajiona mgeni kwenye mabishano hayo.

Pili, lugha. Wagusii ni Wabantu kama sisi, na ijapokuwa lugha yao ya Ekegusii haieleweki kwa Mswahili akiisikia mara ya kwanza, masikio yaliyotulia hunasa maneno ya jamaa. Mtu kwao ni omonto, nyumba ni enyomba, mtoto ni omwana, maji ni amache. Nyanya mwenyewe ataitwa magokoro, na babu ni sokoro. Asubuhi watamwamkia "Bwakire", naye akijifunza kujibu "Buya mono", atakuwa amefungua mlango. Vijana hawana subira ya mambo haya. Wazee wanayo.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa, ni adabu ya watu hawa. Wagusii wanayo sheria ya heshima waiitayo chinsoni. Sisi tunalo neno soni, maana yake haya, na bila shaka maneno hayo ni ya ukoo mmoja. Kwa chinsoni, kizazi na kizazi kinachokifuata huwekeana mpaka. Baba haingii ovyo katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Maneno ya utupu hayasemwi mbele ya mzazi wala mbele ya mwana. Mkwe na mkwewe hujiepusha wasije wakavunjiana heshima. Lakini babu na mjukuu, nyanya na mjukuu, mpaka huo kwao umelegezwa. Hawa hutaniana, huulizana wasiyoweza kuulizana na wazazi, na nyanya ndiye mwalimu wa mambo ya dunia. Je, si ndivyo ilivyo kwetu? Ni nani pwani asiyejua utani wa babu na mjukuu wake, amwitaye "mume mwenzangu"? Mzee wetu akiketi na mzee wa Kigusii kwenye uga, hata kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika, watajikuta wanazungumza habari moja.

Na akitaka hadithi, nchi hii inazo. Kiko kisa cha Sakawa, mtabiri wa zamani, ambaye Wagusii husimulia kuwa alionyesha mahali utakapojengwa mji wa Kisii kabla ya Mzungu kufika. Kiko kisa cha Moraa, mwanamke mwaguzi, na kijana Otenyo, ambaye mwezi wa Januari 1908 alimchoma mkuki ofisa wa Kiingereza, Northcote. Northcote alipona, lakini nchi ilichomwa moto, ng'ombe wakachukuliwa na watu wengi wakauawa na askari wa serikali ya kikoloni. Miaka mitatu kabla ya hapo, 1905, lilikuwa limekuja jeshi jingine la namna hiyo. Sisi tunaokumbuka habari za Mbaruk bin Rashid wa Gasi na vita vyake vya mwaka 1895 na 1896 hatuna budi kusikiliza kisa hiki kwa makini. Kikisimuliwa na mzee wa huko, si sawa na kukisoma.

Akibahatika zaidi atasikia obokano. Hicho ni kinubi kikubwa cha Wagusii, chenye nyuzi nane, na sauti yake nzito kama ya ngoma inayonong'ona. Mpigaji huketi, kwa hiyo msikilizaji naye huketi. Siku hizi wanaokijua ni wachache, na hakipatikani kila pembe. Yafaa kuulizia mapema.

Kuna na safari ya Tabaka, upande wa kusini magharibi wa mji wa Kisii, wanakochimba lile jiwe laini lenye rangi nyeupe, ya waridi na ya kijivu. Wanaume huchonga kwa mapanga na visu vidogo, na wanawake husugua kwa msasa na maji mpaka jiwe ling'are. Gari hufika, kazi yote hufanywa mbele ya macho, na hapana cha kupanda. Msomaji wetu asiyependa kuweka sanamu nyumbani asidhani kwamba hana la kununua. Zipo bakuli, sahani, vibweta vya mapambo na mbao za dama, na kibweta kimoja cha jiwe la waridi ni pahali pazuri pa kuwekea udi.

MAMBO YA KUULIZIA KABLA YA KUFUNGA MZIGO

Masimba si mji wa watalii. Wengi wanaotembelea pande hizo hulala Kisii mjini au Keroka, huenda mashambani asubuhi na kurudi jioni, na kwa aila yenye mzee mimi naona hilo ndilo jema. Lakini nyumba ya wageni isichaguliwe kwa picha. Piga simu uulize: chumba cha chini kipo, au ni ngazi tupu? Choo ni cha kukalia? Maji ya moto yako asubuhi mapema? Hili la mwisho ni kubwa, kwani alfajiri ya Masaba si alfajiri ya Kisauni, na udhu wa maji ya baridi kwenye baridi ile ni jihadi kwa mtu wa miaka sabini. Chukueni chupa kubwa ya kuhifadhi moto, mjaze usiku.

Juu ya sala, Kisii mjini ipo misikiti, na jamii ya Wanubi imekaa mji huo tangu enzi za Mwingereza. Mashambani kila mtu achukue msala wake. Masafa ni ya kupunguza sala, lakini katika madhehebu yetu ya Kishafii anayenuia kukaa siku nne kamili, mbali na ile ya kuingia na ile ya kutoka, huswali kamili. Mwenye shaka amuulize sheikh wake kabla ya kuondoka, asije akagombana na shemeji yake njiani.

Chakula kisiwatie hofu. Wenyeji ni Wakristo, na kundi kubwa kati yao ni Waadventista wa Sabato, ambao mafundisho ya kanisa lao yanawakataza nguruwe na pombe kama yanavyotukataza ya kwetu. Kwa hiyo mgeni Mwislamu katika nyumba ya Msabato hukuta meza ambayo nusu ya wasiwasi wake imekwisha ondolewa. Nyama ulizeni nani amechinja, na ulizeni kwa upole. Hapana mtu wa huko atakayeona vibaya. Na kama jibu halitoshi, viko matoke, ugali wa wimbi, mboga ya chinsaga, ambayo sisi huiita mgagani, na samaki wa ziwani, ambao hawana mashaka.

Kwa sababu hiyo hiyo ya Usabato, Jumamosi si siku ya kufika. Maduka mengi hufungwa, watu wako kanisani, na mgeni aliyetegemea soko atalala na biskuti. Fikeni siku ya kati ya juma. Soko la Keroka likichangamka, nyanya aketishwe kivulini penye migomba, aachwe apatane bei mwenyewe.

Mvua huko ni karibu mwaka mzima, kubwa zaidi ikiwa kutoka Machi mpaka Mei, na likizo ya Aprili huangukia katikati yake. Kawaida asubuhi huwa kweupe na mawingu hukusanyika baada ya adhuhuri. Kwa hiyo kupanda ni asubuhi, na alasiri ni ya wote kukaa pamoja barazani, mvua ikipiga mabati. Udongo mwekundu ukilowa huteleza vibaya, pengine kuliko hiyo theluji ya Wazungu, na ndala za Mombasa hazifai kabisa. Nyanya apewe viatu vya mpira vyenye meno na bakora yenye kifuniko cha mpira, hata kama hatatembea zaidi ya uani. Desemba na Januari mvua hupungua. Desemba ni mwezi wa jando pia, na vijana hupita njiani wakiimba. Nyimbo nyingine za jando ni za maneno makali, kama zilivyo za kwetu, na wenye watoto wadogo wajue hilo.

Njia yenyewe ni ndefu, na msimfiche mzee. Treni ya kutoka Miritini mpaka Nairobi, iliyoanza mwaka 2017, huchukua saa tano au sita, na kwa mtu wa magoti ni nafuu kubwa kuliko basi kwa kuwa aweza kuinuka na kutembea ndani. Laleni Nairobi. Kesho yake iko safari nyingine ya zaidi ya kilomita 300, kwa Narok, Bomet na Sotik, na huko Sotik chai huanza kuonekana kushoto na kulia. Simameni kila saa mbili, hata kama dereva ananung'unika. Mwenye presha aonane na daktari kwanza na abebe dawa mkononi, si kwenye sanduku la juu ya gari.

Na mkisharudi tena kwenye lile shauri la baraza, msimuulize nyanya kama atakwenda. Muulizeni ataka kukaa dirisha la upande gani. Kutoka Mombasa, baada ya Voi, Kilimanjaro iko upande wa kushoto, na asubuhi ikiwa haina mawingu theluji yake huonekana mtu akiwa ameketi.